Pikipiki inayozimika baada ya robo saa: mafuta yanakwama wapi?

Swali: Nina pikipiki ya kabureta yenye injini ya cc 125 na umri wa zaidi ya miaka 20. Asubuhi inawaka vizuri na kutembea vizuri, lakini baada ya dakika 15 hivi za mwendo wa barabara kuu inaanza kukohoa, inapungua nguvu, kisha inazimika. Nikisubiri dakika 5 inawaka tena kana kwamba haikuwa na tatizo lolote. Nimebadilisha plagi, nimesafisha kabureta mara mbili, na sasa nashauriwa ninunue kabureta mpya. Jambo moja linanishangaza: siku ninazojaza tangi ndipo inapozimika mapema zaidi. Nifanye nini?

Jibu: Usinunue kabureta, angalau si sasa. Hilo ulilolitaja mwishoni kama la kushangaza tu ndilo lenye uzito mkubwa kuliko mengine yote uliyoeleza, kwa sababu linaelekeza kidole kwenye kifuniko cha tangi, mahali ambapo wengi wetu hatupatazami mpaka tumeshafungua kila kitu kingine. Bado hatujathibitisha, na nitakueleza namna ya kuthibitisha, lakini kwanza uelewe kwa nini tangi lililojaa lizimishe injini haraka kuliko tangi lililo nusu.

Katika pikipiki ya aina yako hakuna pampu ya mafuta. Petroli hushuka kwa uzito wake tu, kutoka kwenye tangi hadi kwenye bakuli la kabureta, na kimo chake kutoka usawa wa mafuta ndani ya tangi hadi kwenye bakuli ni kama sentimita 30. Uzito wa safu fupi hiyo ya petroli hutoa msukumo mdogo sana, takriban asilimia 2 tu ya shinikizo la kawaida la hewa. Kila tone linaloshuka lazima nafasi yake ichukuliwe na hewa inayoingia kupitia kitundu cha kifuniko. Kitundu hicho kikiziba, hewa iliyomo ndani ya tangi hulazimika kutanuka ili kuijaza nafasi iliyoachwa, shinikizo lake hushuka, na likishuka kwa hiyo asilimia 2 petroli haina tena nguvu ya kushuka, hata kama tangi limejaa hadi mdomoni.

Sasa fanya hesabu. Tangi lililojazwa likibakiza lita 1 ya hewa, asilimia 2 ya lita 1 ni mililita 20 tu: zikishatoka hizo, mtiririko unasimama. Tangi lililo nusu, lenye lita 6 za hewa, linaweza kutoa mililita 120 au zaidi kidogo kabla ya kufika hapo. Pikipiki inayokwenda kilomita 40 kwa lita, ikiwa katika mwendo wa kilomita 60 kwa saa, hutumia kama mililita 25 kwa dakika. Kwa hiyo kifuniko kilichoziba kabisa kingekuzimishia injini ndani ya dakika chache tu, ukihesabu na akiba ndogo iliyomo kwenye bakuli. Yako inafika dakika 15, jambo linaloashiria kwamba kitundu hakijaziba chote: hewa inapenya, lakini kwa kasi ndogo kuliko kasi ya matumizi yako barabarani. Mvuke wa petroli na joto linalopanda kutoka kwenye injini navyo husaidia kulirudisha shinikizo kidogo. Ukisimama kwa dakika 5 hewa inapata wasaa wa kuingia, bakuli linajaa upya, na pikipiki inawaka kama mpya. Wala si ajabu kwamba mjini, kwa mwendo wa polepole, huenda isikusumbue kabisa.

Hata hivyo, kuna mshukiwa mwingine anayejua kuvaa sura hiyo hiyo. Koili ya moto, kisanduku cha umeme wa plagi au koili ndogo inayosoma mzunguko wa injini huweza kufa ikipata joto na kufufuka ikipoa. Tofauti ni kwamba koili haijui tangi lina lita ngapi. Zaidi ya hapo, hitilafu ya umeme kwa kawaida hukata ghafla, kama mtu aliyezima swichi, au hukata na kurudi kwa mishtuko, ilhali upungufu wa mafuta hufifiza: nguvu hupungua, injini inakohoa, pengine inajitutumua kidogo ukirudisha mkono wa aksileta, ndipo inazimika. Ulivyoeleza wewe ni kufifia. Ukitaka uhakika zaidi ukiwa bado unatembea, vuta choki nusu mara injini inapoanza kudhoofika. Choki huongeza uwiano wa mafuta kwenye hewa. Ikiwa injini inapata nguvu kwa sekunde kadhaa, basi ilikuwa na njaa ya mafuta, na ikiwa inazidi kuharibika, tatizo ni mafuta mengi mno au ni umeme.

Kipimo chenyewe kifanyike pale pale inapozimika, na kifanyike upesi, kwa sababu kusubiri kunafuta ushahidi. Jaza tangi, nenda kwenye barabara uliyozoea, iache izimike, kaa pembeni mahali salama na wazi, kisha ndani ya nusu dakika fungua kifuniko huku umeweka sikio karibu. Ukisikia hewa ikivutwa kuingia ndani, hata kwa mlio mdogo, umepata jibu. Funga tena bila kukaza, subiri sekunde 20 au 30 bakuli lijae, uwashe. Ila kuna jambo ambalo watu hulisahau: safari nyingine fanya kinyume chake, yaani iache izimike na ujaribu kuiwasha baada ya muda ule ule pasipo kugusa kifuniko. Ikiwaka hivyo hivyo, basi si kifuniko kilichoiponya bali ni zile sekunde za kusimama, na hukumu lazima iahirishwe.

Kabla ya safari hiyo chomeka kimpira chembamba kinachopitisha mwanga kwenye mdomo wa kumwagia mafuta ulio chini ya bakuli la kabureta, na uelekeze ncha yake mbali na ekzosi. Ikiwa kufungua kifuniko hakukubadilisha chochote, weka chupa ndogo chini ya kimpira na ulegeze skrubu ya kumwagia. Yakitoka matone machache tu, bakuli ni tupu na kizuizi kiko juu yake, mahali fulani kati ya tangi na sindano ya boya, yaani kijiti kinachofungua na kufunga mafuta yanapoingia bakulini. Ukipata mtiririko mzuri unaoendelea hata baada ya bakuli kumwagika, mafuta yanafika, na huna haja ya kuhangaika na koki (swichi ya kufungulia mafuta chini ya tangi) wala chujio. Hapo chomoa plagi, iguse kwenye chuma cha injini mbali na chupa uliyokwisha kuifunga na kuiondoa, ukaangalie moto. Kipimo hiki kimoja cha skrubu kinaigawa pikipiki nzima katika nusu mbili, na sijui kwa nini hakifanywi mara nyingi zaidi.

Naomba nisisitize tahadhari hapa kwa sababu injini itakuwa ya moto. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini na kujikusanya mabondeni, na petroli huweza kutoa mvuke unaoshika moto hata katika baridi kali iliyo chini sana ya nyuzi sifuri. Fanya kazi nje, mbali na sigara na jiko, funga koki kabla ya kugusa mpira wowote, na kwa vipimo visivyohitaji injini ya moto, ngoja ipoe. Moto wa petroli hauzimwi kwa maji.

Tukichukulia kwamba ni kifuniko, matengenezo ni madogo. Ndani ya kifuniko kuna njia nyembamba yenye kona, na katika vifuniko vingi kuna kigololi au vali ndogo inayozuia mafuta kumwagika pikipiki ikianguka. Vumbi, kutu na mabaki ya petroli iliyokauka huziba humo. Fungua sahani ya chini ikiwa imefungwa kwa skrubu, loweka sehemu za chuma kwenye dawa ya kusafishia kabureta, toa kwanza vipande vya mpira, kisha pitisha hewa ya kompresa kutoka pande zote mbili. Usitoboe tundu kubwa kwa drili. Utakuwa umeponya tatizo la hewa na kukaribisha maji ya mvua, ambayo yatashuka hadi chini ya tangi na kuanzisha kutu. Baadhi ya pikipiki hazipumulii kwenye kifuniko bali kwenye mpira mwembamba unaoshuka kutoka juu ya tangi. Huo hukunjika au kubanwa na tangi lenyewe linaporudishwa baada ya matengenezo, kwa hiyo ufuate kwa kidole mpaka mwisho wake. Mimi mwenyewe niliwahi kufungua kabureta moja mara tatu katika wiki moja kabla ya kugundua kwamba mtu aliyelipaka tangi rangi mpya alikuwa amelipaka na kifuniko chake, kwa ustadi mkubwa, tundu na vyote.

Ikiwa kifuniko hakina hatia, usianze kubahatisha: pima mtiririko. Injini ikiwa baridi, chomoa mpira wa mafuta upande wa kabureta, uingize kwenye chupa yenye alama za vipimo, ushushe chupa hadi usawa wa bakuli, fungua koki na uhesabu sekunde 60. Tumeona kwamba mwendo wa kawaida unakula kama mililita 25 kwa dakika, na ukivuta aksileta yote kiasi hicho kinaweza kuongezeka mara mbili au tatu. Kwa hiyo chochote kilicho chini ya mililita 100 kwa dakika mimi hukitilia shaka, na koki safi hutoa zaidi ya hapo bila taabu. Muhimu kuliko kiasi ni tabia ya mtiririko. Unaoanza kwa nguvu na kunyong'onyea polepole unashuhudia ukosefu wa hewa ndani ya tangi, na utaona ukirudi mara ukilegeza kifuniko. Ulio mdogo tangu mwanzo unashuhudia uchafu au mpira uliobanwa. Unaokuja kwa vipindi, ukikatika na kurudi, mara nyingi ni takataka inayoelea ndani ya tangi na kuja kujibandika kwenye mdomo wa koki.

Koki ya zamani ina mengi ya kueleza. Sehemu yake iliyo ndani ya tangi ina mirija miwili: mmoja mrefu kwa matumizi ya kawaida na mwingine mfupi, au tundu lililo chini kabisa, kwa ajili ya akiba, na aghalabu yote huwa ndani ya wavu mwembamba. Ikiwa pikipiki inapata nguvu ukigeuza kwenye akiba ilhali tangi lina mafuta ya kutosha, njia ya kawaida imeziba. Ndani ya mwili wa koki kuna gasketi ya mpira yenye matundu, ambayo kwa miaka huvimba na kuyabana matundu yake. Ipo pia aina ya koki inayofunguliwa na mvuto wa injini: mpira mwembamba hutoka kwenye njia ya hewa kati ya kabureta na injini, ukivuta kiwambo kinachoachia mafuta. Kiwambo hicho kikipasuka, koki haifunguki vizuri, au mbaya zaidi, petroli hunyonywa kupitia mpira wa mvuto na kuingia moja kwa moja kwenye injini, na utaona moshi mweusi na plagi iliyolowa. Koki za namna hiyo mara nyingi zina alama ya tatu, PRI, inayopitisha mafuta bila kungojea mvuto. Safiri mara moja ikiwa imewekwa hapo. Tatizo likitoweka, umemkamata mhalifu. Kisha irudishe, kwa maana ukiiacha hapo usiku kucha ulinzi pekee uliobaki ni sindano ya boya.

Kuhusu chujio na mpira nitasema machache. Chujio la karatasi lililotengenezwa kwa magari yenye pampu halifai kwenye mfumo wa kushuka kwa uzito, hata likiwa jipya, kwa kuwa msukumo wetu ni ule mdogo tulioukokotoa. Tumia lenye wavu. Usitishike ukiona chujio la plastiki halijajaa, kwani katika mifumo hii hewa kidogo hubaki juu yake na mafuta hupita chini bila shida. Mpira usiwe mrefu kiasi cha kupanda kabla ya kushuka, usilale juu ya kichwa cha injini ambako mafuta yatafanya mvuke, na ukiwa mgumu kama ukuni au laini kama ulimi, ubadilishe. Kuna mipira inayovimba kwa ndani huku nje ikionekana mizima.

Baada ya hapo ndipo tunafika kwenye kabureta, na hata hapo tunaanza na boya, ambalo mafundi wengi huliita floti. Boya hupanda na usawa wa mafuta na kuisukuma sindano ifunge mlango. Usawa ukishuka, sindano inaachia. Kimpira kile kile cha kupitisha mwanga kinakupa kipimo kizuri: kishike wima kando ya bakuli kama herufi U, legeza skrubu ya kumwagia, na mafuta yatapanda ndani yake hadi usawa ule ule uliomo bakulini. Kwa kabureta nyingi usawa huo uko milimita chache chini ya maungio ya bakuli na mwili, lakini tarakimu kamili ni ya kitabu cha pikipiki yako. Ukiwa chini mno, injini itapungukiwa mafuta ikivutwa kwa muda mrefu. Ukiwa juu mno, itafurika. Pikipiki iliyolala miezi mingi huweza kuwa na sindano iliyogandamana na gundi ya petroli iliyochakaa, na kugonga bakuli taratibu kwa mpini wa bisibisi kunaiachia kwa muda, jambo linalokuambia mahali pa kufungua. Ukiona kinyume, yaani oili inanuka petroli na usawa wake umepanda, usiiwashe kabisa. Sindano inavuja, oili imezimuliwa, na petroli ikijaa juu ya pistoni ukapiga stata unaweza kupinda konrodi, yaani mkono unaoishika pistoni.

Jeti, yaani vipande vya shaba vyenye matundu membamba yanayopima mafuta ndani ya kabureta, sizishuku kwako, na sababu ni hii: jeti iliyoziba haisubiri dakika 15. Jeti ndogo, ambayo tundu lake mara nyingi halifiki nusu milimita, ikiziba pikipiki inakataa kukaa sailensa, yaani kuunguruma polepole bila kuvutwa aksileta, na inawaka kwa shida tangu mwanzo. Jeti kubwa ikiziba, unakosa nguvu kila mara unapovuta aksileta kupita robo tatu, iwe dakika ya kwanza au ya hamsini. Katikati ya hapo anayetawala ni sindano ya slaidi, ile inayopanda na kushuka ukivuta aksileta. Ndiyo maana kusafisha kabureta mara mbili hakukusaidia. Nikuombe tu, kama aliyesafisha alipitisha waya kwenye jeti, uzichunguze kwa mwanga, kwani shaba ni laini na waya hupanua tundu. Hewa ya kompresa na dawa vinatosha.

Lakini niulize: uliposafisha mara ya pili, ulikuta nini chini ya bakuli? Ikiwa palikuwa na unga mwekundu au wa kahawia, kabureta inaletewa uchafu kutoka juu, na utaendelea kuisafisha maisha yako yote. Kutu laini hupenya wavu wa koki. Mulika tochi ya umeme ndani ya tangi lililokwisha kutolewa mafuta na kupitishwa hewa. Kutu nyingi iondoe kwa kuloweka siki au asidi ya limau usiku mmoja au miwili, isuuze kwa maji yenye magadi soda ili kuua asidi, kausha haraka kwa hewa ya joto, kisha mimina petroli kidogo yenye oili na kulizungusha tangi kabla kutu mpya haijaanza. Ukikuta matone ya duara yanayoteleza chini ya petroli bila kuchanganyika nayo, hayo ni maji, na swali la namna yalivyoingia linaturudisha kwenye kifuniko.

Vipimo vyote vikiwa vizuri, bakuli likiwa limejaa wakati injini imezimika, na plagi haina moto, shughulikia koili na nyaya zake. Plagi ikiwa na moto na bakuli limejaa, pima nafasi za vali injini ikiwa baridi: vali iliyobana hukosa kufunga vizuri ikipata joto, na injini hupoteza mgandamizo hadi ipoe.

Kabureta mpya iwe ya mwisho kabisa, na hata ikifikia hapo iache ya zamani kwenye sanduku, usiitupe. Kabureta za kuiga mara nyingi huja na jeti zisizolingana na injini yako, nawe utajikuta na tatizo jipya juu ya la zamani. Kwa sasa safisha kifuniko, jaza tangi mpaka mahali pale pale palipokuwa pakikuzimishia mapema, upite barabara ile ile kwa mwendo ule ule kwa dakika 30 mfululizo. Usifanye jaribio hilo na tangi la nusu, kwa maana hapo hata kifuniko kibovu kinaweza kukudanganya.